Aliyetutangulia Jangwani

Hili ninalowaandikia hamtaliamini, wapwa zangu, na shauri yenu. Mimi Bakili, fundi cherehani wa Mtaa wa Kongo, niliyeivalisha suruali za pekosi nusu ya Kariakoo, nilikuwemo ndani ya lori la Pantaleo siku ile Jangwani ilipojaa maji.

Pantaleo ni Mmakua wa Masasi, dereva wa lori la ushirika. Madereva wenzake walimwita Bibi Harusi kwa mwendo wake. Mvua ikianza, anasimama kusugua kioo kwa tumbaku ili maji yateleze, maana waipa zilishakufa na vipuri havikupatikana. Na maji asiyoyajua hayaingii mpaka ayapime kwa miguu yake mwenyewe, fito mkononi. Hata dimbwi la kuogea bata!

Jumapili moja ya masika tulikwenda Magomeni kwa mama mkwe wake. Hukohuko mkewe, Josepha, akashikwa na uchungu. Hospitali iko ng'ambo ya bonde la Jangwani. Ilikuwa saa tisa mchana, lakini mbingu nyeusi kama kitako cha sufuria la shughulini. Enzi zile Jumapili magari yalikatazwa kuanzia saa nane, kubana mafuta, kwa hiyo barabara nzima tulikuwa sisi tu. Hakuna honi, hakuna kengele ya baiskeli. Mvua, na Josepha anasaga meno.

Bondeni barabara haikuwepo. Maji tu, yametulia kama yanatusikiliza.

Ndipo nikamwona. Mtu wa kanzu nyeupe, hatua thelathini mbele, upande wa kushoto, anatupungia mkono: njooni.

"Mfuate huyo," nikasema. "Anaijua njia."

Pantaleo akasimamisha lori. "Bakili, tazama miguuni pake."

Mvua ilikuwa ikitoboa maji kila mahali. Pale aliposimama yeye, maji yalikuwa laini kama kioo.

"Pantaleo, mwanao anakuja," Josepha akasema. "Twende, baba."

"Tunaenda, mama. Kwa miguu kwanza."

Akashuka na fito. Yule mtu akazidi kupunga. Pantaleo hakumwangalia, anapapasa, anapiga hatua, anapapasa. Mara fito ikazama yote, na mkono ukafuata hadi begani. Kushoto kote barabara ilikuwa imemegwa, palepale tulipoitwa. Alipoinua uso, hapakuwa na mtu.

Akachomeka fito ukingoni mwa shimo, akaifunga leso ya Josepha juu yake. Tukapita kulia kwa gia namba moja, polepole kama tumebeba jeneza. Na ng'ambo, wapwa zangu, akaanza kukanyaga breki kidogokidogo zikauke. Mke anajifungua, yeye anakausha breki!

Mtoto alizaliwa mlangoni mwa wodi, wa kike, mapafu kama ya mnadi samaki.

Haya yote namsomea Pantaleo mwenyewe, kafuata suruali yake hapa cherehanini. Basi nisisahau sehemu yangu: kabla yule mtu hajatoweka, niliruka majini, yakanifika kifuani, nikamkamata kanzu, nikamuuliza, wewe ni—

"Bakili. Maji yalikuwa magotini. Na wewe ulikuwa sakafuni, umejifunika koti langu."

"Nilimwona! Mtu mmoja, kanzu nyeu—"

"Hakuwa mmoja," akasema Pantaleo.