Hotuba ya Mtafsiri

Nilipokuwa mwaka wa tano wa sekondari, mwalimu wetu wa Kifaransa, tuliyemwita madame, alitupa kazi ambayo darasa zima liliiona ngumu isipokuwa mimi. Kila mwanafunzi angesimama mbele ya ubao, bila karatasi mkononi, atoe hotuba juu ya jambo analoliamini yeye mwenyewe. Hilo la mwisho alilirudia. Alisema amechoka kusikia vijana wa Likasi, huku kwetu Kongo, wakikariri faida za elimu na hasara za pombe, wote kwa maneno yaleyale. Mada iwe yako, maneno yawe yako, na ukiiba atajua.

Wenzangu waliguna. Mimi nilitulia, tena nilitulia kwa majivuno, maana kusimama mbele ya watu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kila Jumapili nilikuwa mtafsiri kanisani kwetu. Mchungaji alihubiri kwa Kifaransa, sentensi moja moja, na mimi pembeni yake, na kipaza sauti changu ambacho sisi tunakiita mikro, niliipokea kila sentensi na kuitoa kwa Kiswahili. Akipandisha sauti, napandisha. Akishuka jukwaani kuwafuata watu, nashuka nyuma yake. Akipiga ngumi hewani, na mimi napiga. Mtafsiri wa kwanza alikuwa amehamia Kolwezi, wakanijaribu mimi siku moja kwa kukosa mtu, na sikutoka tena pale.

Asiye wa kwetu atauliza Kifaransa kilikuwa cha nini, ikiwa watu wote mle ndani walisema Kiswahili, na mchungaji mwenyewe alikisema kuliko wote. Sisi hatukuuliza. Kanisa lenye mtafsiri lilikuwa kanisa kubwa. Lisilo na mtafsiri lilikuwa kikundi cha maombi tu, hata likijaa watu mpaka mlangoni. Wahubiri waliotutembelea kutoka Lubumbashi walifanya vilevile, na sisi tuliwapigia makofi mara mbili, mara moja kwa kila lugha.

Kwa mama yangu mikro ile ilikuwa kila kitu. Aliuza samaki sokoni, samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, na hakujua Kifaransa zaidi ya salamu. Wenzake wa sokoni walimwita mama wa mikro, naye aliitika. Jumapili alivaa kitenge chake kizuri, akaketi mstari wa mbele, na nilipofungua mdomo aligeuka kushoto na kulia kuhakikisha watu wananisikiliza. Mimi pia niliipenda, sitajifanya. Shuleni nilikuwa msichana wa alama za katikati ambaye walimu walikuwa wakimsahau jina. Kanisani watu wazima walisimama nikisema simameni.

Basi nikakaa kuandika hotuba yangu, na hapakutoka kitu.

Nilikuwa uani, karatasi juu ya mapaja, mama akigeuza samaki wake juu ya mkeka. Siku ya kwanza nilidhani ni uchovu. Siku ya pili nikalaumu kelele za majirani. Halafu nikaelewa, na jambo lenyewe liliniudhi sana: sikuwa nimewahi kuanza sentensi mbele ya watu. Siku zote alianza mwingine. Nilijua kupokea na kupamba, lakini kuanza sikujua.

Nikajaribu mbinu ya kijinga. Rafiki yangu wa benchi moja alikuwa binti wa mchungaji wetu huyohuyo. Nilimwomba aniambie sentensi yoyote ya Kifaransa, niishike na kuendelea nayo. Akasema kwa Kifaransa kwamba mvua imenyesha. Nikatafsiri vizuri sana kwamba mvua imenyesha, kisha nikanyamaza. Alicheka mpaka akainama.

“Sasa unangojea nini? Minye niongeze?” aliniuliza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kinachosema minye kwa mimi. “Madame atakupatia zero, utaona.”

Baba alikuwa akifanya kazi Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, na jioni alirudi na vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Hakuwa mtu wa ushauri mwingi. Alipoona karatasi yangu tupu alisema, “Tafuta kitu chenye kinakukasirisha. Ukiwa na kasirani, maneno inakuyaka yenyewe.” Hasira nilikuwa nazo nyingi, hata leo ninazo, lakini wakati ule zote zilikuwa ndogo ndogo, za foleni ya bomba na za viatu. Hakuna hata moja iliyojaza hotuba.

Jumamosi nilikuwa sokoni namsaidia mama. Mchungaji akapita, bila koti, mfuko wa plastiki mkononi, kununua samaki kama mtu yeyote. Akamwinua mmoja, akamtazama mbele na nyuma.

“Mama, huyu alikufa na njala?”

“Alikuwa anafunga na kuomba, pasta,” mama akasema. “Njo maana bei yake iko juu.”

“Kama alikuwa anaomba, basi iko ndugu yetu ya kanisa. Ndugu hatumuuzake.”

Wanawake wa meza zile walicheka wote. Aliendelea hivyo, akimwonea huruma samaki, akimuuliza kama ameacha watoto, mpaka muuza chumvi wa upande wa pili akaja kusikiliza. Halafu akamwona jirani yetu wa meza, mama mmoja aliyekuwa amemzika dada yake juzi tu. Alichuchumaa karibu naye na kusema naye kwa sauti ya chini. Sikusikia yote. Nilisikia akimuuliza dada yake alikuwa akipenda kupika nini. Yule mama alilia, akajibu, na mwisho akatabasamu huku machozi bado yako usoni.

Nilisimama pale na samaki mkononi. Miaka yote ile nilikuwa nimesimama bega kwa bega na mtu huyu, na nilikuwa sijawahi kumsikia. Yule wa Jumapili alikuwa mtu mkavu anayetafuta maneno, anayerudia yaleyale matatu aliyoyazoea, na mimi nikijaza mapengo. Mzaha wake haukuwa na Kifaransa. Huruma yake pia haikuwa nacho. Tulikuwa naye sokoni bure, na Jumapili, tulipovaa vizuri tukaenda kumsikiliza, alikuwa akituficha huyu na kutuletea mwingine. Hasira ikanishika palepale, na baba hakukosea, maana kufika nyumbani nilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho.

Shida ilikuwa mwisho wenyewe. Mchungaji akihubiri kwa Kiswahili, mtafsiri wa nini? Hotuba yangu ingetaka mikro yangu izimwe. Na ingesemwa mbele ya binti yake, ambaye hakuna neno la darasani lililomshinda kufikisha nyumbani. Nikaandika hotuba nyingine juu ya mifereji iliyoziba, nikaikariri, na hata mbuzi wa jirani asingeisikiliza. Mama akaniuliza ninaandika nini. Nikamwambia mifereji. Akasema ni kitu kizuri, mifereji, na akaniuliza kama Jumapili nitavaa blauzi nyeupe, kwa sababu inaonekana vizuri kutoka nyuma.

Siku yenyewe ilipofika nilitembea mpaka mbele ya ubao bila kujua ni ipi kati ya zile mbili itakayotoka.

Lazima nieleze kwamba madame wetu alikulia misheni ya Kapolowe na alikuwa Mkatoliki tangu unyayo mpaka kichwa. Hakuwa amewahi kukanyaga kanisa kama letu. Aliketi nyuma kabisa, saa yake juu ya meza, akaniashiria nianze.

Nikasema kwa Kifaransa, “Kanisani kwetu tuna mhubiri ambaye hatujawahi kumsikia.”

Kisha nikanyamaza. Sikuwa nimesahau. Mwili wangu ulijua kwamba baada ya sentensi moja inakuja sauti nyingine, nao ukaingojea. Niliegemea hata upande kidogo, kama ninavyofanya jukwaani. Madame aliinua macho, akaandika kitu. Nikasema sentensi ya pili, kwamba anayehubiri Jumapili ni mtu mwingine aliyevaa koti lake, na nikanyamaza tena. Wakatoliki walinionea huruma. Wale wa makanisa yetu walielewa mara moja ugonjwa wangu, wakaanza kucheka chini chini. Madame akasema niendelee au nikae. Nilitaka kuendelea. Nilifungua mdomo na hapakutoka kitu.

Ndipo sauti ikatoka kwenye benchi langu, sauti ya kanisani kabisa, ya kutetema.

“Mu kanisa yetu tuko na muhubiri mwenye hatuyamusikia hata siku moja. Mwenye kuhubiriaka siku ya Mungu ni muntu mwingine, alivaa tu koti yake.”

Ni binti wa mchungaji, amesimama, mkono mmoja hewani, mwingine umeshika kalamu kama mikro. Darasa lililipuka. Madame aligonga meza, lakini hakumkalisha. Na mimi, mzaha au si mzaha, nilikuwa nimepata nusu yangu iliyokosekana. Nikasema sentensi ya tatu, yeye akaitafsiri. Ya nne, akaitafsiri. Nilikwenda kama maji. Kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa nikianza.

Hotuba ilipofika sokoni, kwenye samaki aliyefunga na kuomba, nilimwona anaelewa ni nani ninayemsema. Uso wake ulibadilika. Angeweza kukaa. Nikasema, “Wauza samaki anawapa Kiswahili chake chote, na siku ya Mungu anawaletea Kifaransa cha kuazima.” Nilidhani imekwisha. Kisha akashusha ile kalamu na kusema polepole, kwa sauti yake ya kawaida, “Bauzishaji ya samaki anabapatiaka kiswahili yake yote. Siku ya Mungu anabaletea kifransa ya kukopa.” Hakupunguza, hakuongeza. Hakuna aliyecheka tena.

Mwisho nikasema nataka mhubiri asimame peke yake na mtafsiri anyamaze, na mtafsiri huyo ni mimi. Naye akasema, “Nataka mutafsiri anyamaze. Mutafsiri njo minye.”

Madame alituuliza kama tulikuwa tumepanga. Tulisema hapana, hakutuamini. Alinikata alama kwa kusimama-simama na bado akanipa nyingi kuliko nilivyozoea. Njiani kurudi nyumbani rafiki yangu hakunisemesha, na mimi niliogopa kuanza. Kwenye njia panda akasema, “Nitamuambia baba. Haiko juu ya kukuchongea. Minye pia nilisema ile maneno, haiko weye peke.”

Mchungaji alikuja mchana wa siku chache baadaye. Baba alikuwa kazini. Mama alimtolea kiti kizuri, akarudi kwenye samaki wake, akidhani amekuja kunipa maelekezo ya Jumapili.

“Nilisikia kuko hotuba,” akaniambia. “Uniambie na minye.”

Nikaanza kwa Kifaransa, kwa mazoea na kwa woga. Akainua mkono. “Hapana, mutoto yangu. Mu kiswahili. Mama asikie.”

Nikasema yote, nimesimama kwenye jua. Mama aliacha kugeuza samaki. Nilipomaliza, mchungaji alikuwa anatazama viatu vyake, na nilitamani anikemee, ingekuwa rahisi zaidi. Badala yake akamgeukia mama.

“Na weye, mama, unasema nini?”

Mama hakuwa amewahi kumbishia mchungaji maishani mwake. Alifuta mikono kwenye kitenge.

“Pasta, usikasirike. Minye nakuyaka mu kanisa kumusikia mutoto yangu. Weye ukisema, nangojaka umalize.” Akafikiri kidogo. “Sasa ukisema mu kiswahili weye peke, nitakuya kusikia nani?”

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na sijui niliona aibu kwa ajili ya nani. Mchungaji alicheka kidogo, kicheko kifupi ambacho hakikwenda mbali. Akaomba maji, akayanywa yote, akatuaga vizuri.

Jumapili alipanda jukwaani peke yake. Nilivaa blauzi nyeupe na kuketi mstari wa mbele kando ya mama. Mwanzoni mchungaji alikuwa akisema sentensi moja, ananyamaza, anageuka pembeni kumtafuta mtu, kisha anakumbuka. Baadaye alilegea. Watu walicheka, wakajibu, na yule mama aliyefiwa aliinua mikono yote miwili. Ilikuwa ibada nzuri kuliko zote nilizowahi kuhudhuria, na nilikaa pale nimeshiba fahari, nikijiambia kwamba sikukosea, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho.

Kisha kitu kizito kikaniangukia begani. Mama alikuwa amelala. Katika kitenge chake kizuri, mbele ya kanisa zima, mdomo wazi kidogo, alilala kama mtu aliyetoka safari. Nilitaka kumwamsha na moyo ukaniuma, nikashindwa. Mchungaji alimwona. Alitutazama sote wawili kwa muda, halafu akaendelea kuhubiri kwa sauti ya chini.