Mume Wangu Alinitoa Kwenye Android Akanipa iPhone, Sasa Najua Kwa Nini

Admin, nifichie jina na picha, na majina mengine nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nina mtoto mmoja wa kike, nauza viatu na mikoba hapa Tunduma. Mume wangu ni wakala wa forodha, anashughulikia nyaraka za malori mpakani.

Miaka yote nilitumia Android. Haikuwa simu ya kujivunia, ila ilinifaa. Ilikuwa na laini mbili, ya huku na ya Zambia, wateja wangu wa Nakonde walinipata muda wote, na ikiharibika kila fundi ana spea. Miezi mitatu iliyopita mume wangu akarudi na iPhone mbili zilizotumika, moja yake na moja yangu. Akaanza kunieleza kwamba Android inaingiza kila takataka, iPhone ina usalama, na picha za viatu zitatoka safi. Nikamwambia hii inaingia laini moja, wateja wa Zambia nitawapataje? Akasema WhatsApp inatosha. Jamani, huyu mtu hajawahi kujali picha za viatu vyangu. Aliiwasha mwenyewe, akajaza kila kitu mwenyewe, kisha akataka ile Android akaigawe. Nikamwambia imeingia maji, imekufa. Hata sijui kwa nini nilidanganya. Moyo tu ulikataa.

Sasa niseme ukweli wangu. Nina siri. Kaka yangu ametoka gerezani mwaka huu. Alifungwa kwa wizi wa mzigo kwenye lori lililokuwa mikononi mwa mume wangu, na mume wangu alifukuzwa kazi kwa ajili hiyo, akaanza upya kabisa. Aliapa kwamba atakayempa kaka hata maji ya kunywa, huyo si mtu wake tena. Kaka amepanga chumba Mpemba, anaziba pancha za malori. Kila Alhamisi nampelekea chakula. Nje ya sisi wawili anayejua ni Mama Neema peke yake, rafiki yangu wa kwaya, ndiye aliyesimamia ndoa yangu.

Wiki ya pili na simu mpya, siku ya Alhamisi, tunakula, mume wangu akaniuliza bila kuniangalia, "Mpemba mvua imenyesha leo?"

Nikasema nitajuaje, mimi nimeshinda dukani.

"Basi," akasema, akaendelea kula. Mimi chakula kilinishinda.

Wiki iliyopita natafuta picha ya viatu nimtumie mteja, nikakuta picha ambazo sikuzipiga. Nyaraka za forodha, malori, halafu mimi. Mimi nafunga duka. Mimi napanda bajaji. Mimi nimesimama mlangoni kwa kaka, yeye kaipa kamera mgongo, mkono wangu uko begani kwake. Nikaenda kwa dada mmoja fundi simu, akaniambia simu zetu zote mbili zinatumia akaunti moja, ya mume wangu. Anaona nilipo kwenye ramani na anaona picha zangu, ila hakujua kwamba na zake zinakuja kwangu. Akasema nisiilaumu iPhone, hata Android mtu akiamua anaweza kukufanyia hivyo hivyo. Akataka kuitoa ile akaunti. Nikakataa, maana ikitoka tu atajua nimejua.

Lakini kilichoniumiza ni ile picha ya mlangoni. Imepigwa kutoka ndani ya bajaji, chuma cha pembeni kinaonekana. Dereva alikuwa ameshuka, naye yumo kwenye picha. Siku hiyo nilisindikizwa na Mama Neema, na aliyebaki ndani ni yeye.

Anajua yule ni kaka yangu, walishasalimiana kwa mikono. Sasa kwa nini amtumie mume wangu picha ya mgongo? Je, hakumwambia ni nani, ili nionekane nina mwanaume? Au alimwambia, na mume wangu ananitega aone nitadanganya mpaka wapi?

Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya nikamuuliza kwa utani kama baba mtoto wangu huwa anamtafuta. Akacheka.

"Mimi na shemeji ni salamu tu," akasema. Halafu akaongeza, "Hivi ile simu yako ya zamani, kweli iliingia maji?"

Sikuwahi kumwambia habari za maji. Nilimwambia mume wangu tu.

Jana mume wangu amenijulisha kwamba wikiendi hii ameita wazee, wa kwao na baba zangu wadogo kutoka Mbebe, na msimamizi wa ndoa atakuwepo. Nimemuuliza kuna nini, akasema niende na simu yangu. Nikisema yule ni kaka, nimekiri kwamba nimemdanganya mume wangu miezi yote hii, na sijui atamfanya nini kaka yangu. Nikinyamaza, mimi ni malaya mbele ya wazee wangu.

Naandika kwa ile Android, niliificha kwenye boksi la viatu. Kesho ni Alhamisi. Mama Neema amenitumia ujumbe sasa hivi, anauliza kama twende wote Mpemba, eti amemnunulia kaka sabuni. Ndugu zangu, huyu mwanamke nimjibu nini? Na mume wangu nimwambie leo, au niache wazee waje?