Mara Ishirini

Mwenye mashua hakumkaribisha mgeni kwa chai, alimkaribisha kwa choo. Merryn, shoga yake wa miaka mingi, alikuwa ndiyo kwanza amefika visiwa vya Vava'u kutoka mji wa Hobart, hajatua hata begi, akavutwa hadi kwenye kijichumba na kuonyeshwa mpini. "Ukimaliza, piga pampu mara ishirini. Si kumi na tisa, shoga. Kikiziba, wa kukizibua ni wewe." Tangu hapo Merryn hakuwa na siri. Ukuta ulikuwa ubao mwembamba tu, na nyuma yake mwenye mashua, hata awe anakuna nazi au anashona tanga, alihesabu kwa vidole vyake vilivyochubuliwa na kamba. Mpini ukinyamaza mapema, sauti ilipenya: "Bado nne!" Na mzee wa mashua ya jirani hudakia: "Usimwonee huruma!" Mwenye mashua wali aliuunguza mara mbili wiki ile, lakini hesabu hiyo hakuikosea kamwe.

Asubuhi ya safari ya kurudi kwao, kiboti cha kwenda pwani kikingoja na begi limo ndani, Merryn aliingia chooni mara ya mwisho. Akapiga ishirini kamili, kwa madaha.

"Bado!"

"Bado nini, bibi wee? Nimehesabu, ishirini!"

Kisha sauti ikaja, ndogo, karibu kabisa na ubao: "Siku ya kuondoka ni arobaini."

Merryn alitazama saa yake, akaushika tena mpini, akaanza upya na moja, polepole.