Neema Aliendelea Kumtumia Bibi Ujumbe

Mwanangu, wewe kijana unayenisikiliza, Jumapili ya kwanza ya Septemba nilifiwa na mama yangu. Alifia Uvira, Kongo, alfajiri, na hapa kwetu Alief, mtaa wa Houston, ilikuwa bado Jumamosi, kwa hiyo mpaka leo sijui nihesabu siku ipi.

Wazee watatu wa kanisa walikuja kunipa habari. Ndiyo desturi yetu, mtu aliye peke yake hapewi habari ya kifo kwa simu. Waliketi, wakaomba maji, wakasali, ndipo Mzee Bahati akasema. Binti yangu Neema alikuwa shuleni kwenye mazoezi. Nilipoweza kufungua kinywa, jambo la kwanza nililoomba ni kwamba asiambiwe.

Mama yake Neema alikufa katika kambi ya wakimbizi Burundi, mtoto hajaanza hata kutambaa. Bibi ndiye aliyembeba mgongoni na kumlea mpaka alipofika miaka minane, tulipopanda ndege sisi kuja Texas na yeye akarudi Uvira. Nikawaza, mtoto ana mitihani, acha amalize. Alipomaliza nikasema ipite Krismasi. Krismasi nayo ikapita. Matanga tuliyakalia nyumbani kwa Mzee Bahati, na Neema nilimwambia ni vikao vya kanisa.

Kila Jumapili alikuwa akimtumia bibi yake ujumbe wa sauti. Simu ya marehemu ilibaki kwa dada yangu Zawadi, nami nikamwomba awe anajibu kwamba bibi koo linamuuma, anakusalimu. Neema akiniuliza hali ya bibi, nilikohoa kidogo, kisha nikasema hajambo.

Siwezi kujitetea kwamba sikujua uchungu wa jambo hili. Nilipokuwa na miaka kumi, baba yangu alikufa nami nikaambiwa amekwenda Kalemie kutafuta kazi. Nilimfichia kipande cha sabuni, maana alipenda kuoga akitoka safari. Nilikilinda kile kipande msimu mzima wa mvua. Siku moja tukagombana uwanjani kwa sababu ya mpira, na mtoto wa jirani akaniambia, "Baba yako alizikwa zamani. Wewe tu ndiye hujui." Watoto wote walinyamaza, nikajua ni kweli. Nilikwenda nyumbani sikumuuliza mtu, wala mtu hakuniambia. Mtu aliyepitia hayo angejifunza, ungedhani. Mimi nilijifunza kuficha tu.

Sasa, mwalimu wa Neema wa michezo ya kuigiza, mama mweusi mzaliwa wa Houston, alikuwa akiwafundisha wanafunzi kuandika michezo yao wenyewe. Nilikutana naye mara moja. Aliniambia kwamba vijana weusi wanazungumziwa sana katika nchi hii, lakini wanaowauliza ni wachache. Niliitikia kwa adabu. Sikudhani maneno yale yananihusu, nilifikiri anawasema wazungu.

Mchezo wa Neema ukachaguliwa kuigizwa DeSoto, mji ulio karibu na Dallas, mbele ya vijana wa shule nyingine na wazazi wao. Alinipa karatasi ya ruhusa, nikatia sahihi bila kusoma. Nilipouliza mchezo unahusu nini, alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni kitu cha shule tu. Nikamwambia siku hiyo nitakuwa kazini ghalani. Baadaye nikabadilishana zamu na mwenzangu bila kumwambia, nikamchukua Mzee Bahati, tukaendesha gari kwa muda wa saa nne hadi DeSoto. Mama Wambui, nesi Mkenya aliyewahi kusali nasi Houston, alikuwa ametushikia viti.

Jukwaani kulikuwa na kiti, meza na simu. Akaingia kijana mrefu aliyevaa kizibao cha kazini, anaigiza baba. Kila akitaka kusema uongo, alikohoa kwanza. Ukumbi ulicheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti.

Mama Wambui akaniinamia. "Ai, Baba Neema, si huyo kijana anakohoa kama wewe kabisa."

Mwanangu, niliacha kucheka. Niliangalia kile kizibao vizuri. Kilikuwa changu, kile nilichodhani nimekisahau kazini.

Neema akatoka, akaketi, akachukua simu. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, lakini ujumbe wa bibi aliusema kwa Kiswahili, Kiswahili kile cha mama yangu, na ukumbi mzima ulikuwa haumwelewi. Tuliomwelewa tulikuwa mstari mmoja. Alisema, "Bibi, shikamoo. Nilikuona kwenye video katika simu ya rafiki yangu, Jumanne moja ya Septemba. Ulikuwa umelala, wamekufunika kitenge chako cha kijani. Shangazi ndiye anayenijibu. Nikiacha kukutumia ujumbe, Baba atajua kwamba najua, na Baba bado hayuko tayari."

Miezi saba. Nilidhani ninamlinda mtoto, kumbe mtoto ndiye aliyekuwa ananilinda. Kila Jumapili alikaa kitandani kwake akimsalimu maiti ili mimi nisiumie. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyeficha kifo niliumbuliwa na binti yangu mwenyewe, mbele ya watu nisiowajua, na hakuwa na kosa hata moja.

Nilinyanyuka nitoke. Mzee Bahati alinishika pindo la koti.

"Unakwenda wapi?"

Nikamwambia nimeaibika.

"Umeaibika, ndiyo. Kaa. Mtoto huyu alikosa matanga kwa sababu yako, haya ndiyo matanga yake. Utayatoroka na haya?"

Nikakaa. Taa zilipowaka, vijana walioandika wakaitwa mbele kuulizwa maswali. Mama mmoja akamuuliza Neema kama baba yake ameuona mchezo huu. Akafungua mdomo kujibu, ndipo macho yake yakanifikia. Nilimwona akishtuka mpaka akashika kiti. Kisha akasema taratibu kwamba baba yake ni yule pale, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kuusikia. Watu wakageuka. Nilisimama. Sikujua mtu husemaje mahali kama pale, basi niliinamisha kichwa kama ninavyofanya kaburini, na nikabaki nimesimama mpaka walipogeuka tena mbele.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mtoto akifiwa, mpe mahali pa kukaa matangani kama watu wengine. Usimwekee msiba kama akiba. Ataukuta mwenyewe, na ataubeba bila mtu wa kumshika mkono. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ukimlea kwa kuficha, atakuficha wewe, tena kwa ustadi kukuzidi. Nawe uliye kijana, ukipewa karatasi na watu wa kukusikiliza, andika lile linalokukaba. Usingoje wakubwa tuwe tayari, tunachelewa sana. Na wewe utakapokuwa mkubwa, mwanao akisimama kusema, kaa kwenye kiti chako hata kama anakusema wewe. Mungu akupe watu wa kukuambia ukweli wakiwa karibu nawe, na kinywa chako kisipate haja ya kukohoa kabla ya kusema.

Mwalimu alimruhusu Neema arudi nasi. Mzee Bahati alilala kiti cha nyuma, au alijifanya. Tulikwenda mpaka tukapita mji wa Corsicana. Alief nzima ilikuwa imekwisha kunipa pole, isipokuwa mtu mmoja, kwa sababu nilimnyima nafasi.

Nikasema, "Neema, bibi yako amekufa."

Alinigeukia. Kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wangu kwenye usukani, akasema kwa Kiswahili, "Pole, Baba. Umefiwa na mama."