Sare Isiyoisha Kupimwa

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa thelathini na moja sasa, na nguo ikiletwa mezani kwangu huwa siulizi ni ya nini. Nguo ni nguo. Lakini siku ile kaka yangu alipoingia na mfuko wa nailoni, akatoa sare yake ya jeshi na kuilaza juu ya meza kama anayelaza kichanga, niliuliza.

"Nani amekufa?"

Akatazama chini. "Hakuna. Nataka uipunguze tu, mdogo wangu. Uzee umenila mwili."

Sasa lazima mumjue huyu kaka. Alikuwa koplo, mtunza stoo wa kikosi, na mtaani wanamwita Utaratibu kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Kwake yeye, askari mstaafu huvaa sare mara tatu tu: kwenye gwaride la siku ya kumbukumbu, kwenye shughuli aliyoalikwa kwa barua yenye mhuri, na kwenye mazishi ya askari mwenzake. Basi. Harusini hapana, kupigia picha hapana. Aliwahi kumkuta mstaafu mmoja benki, kajitundika gwanda ili apitishwe mbele ya foleni. Akamshika mkono polepole, akampeleka nyuma kabisa, na yeye mwenyewe akasimama naye huko mpaka zamu yao ikafika.

Nikapiga hesabu. Gwaride lilishapita miezi miwili. Barua hakuwa nayo; angekuwa nayo angeshanisomea mara nne. Na askari mwenzake aliyebaki mtaa huu alikuwa mmoja tu, mume wangu, aliyelala chumba cha pili, mapafu yamechoka, daktari ametuambia turudi naye nyumbani tukae naye vizuri.

Hasira zikanipanda hadi utosini. Mimi nina mdomo, sikatai.

"Yaani umekuja nikushonee nguo ya kumzikia mume wangu, naye bado anakunywa chai yangu na kulalamika haina sukari?"

Nikaikunja ile sare ovyo, nikaisokomeza kwenye mfuko, nikamtupia kifuani. Alisimama tu ameukumbatia mfuko wake. Ndipo tukasikia sauti kutoka chumbani.

"Mama watoto, mwache Koplo. Mimi ndiye niliyemwambia ailete ipunguzwe."

Niliingia kwa kishindo. Mume wangu alikuwa ameegemea mito miwili, anacheka kile kicheko chake cha siku hizi kinachoishia kwenye kukohoa. Nikamshika mgongo mpaka kikapita.

"Nataka nimwone ameivaa," akasema. "Nikiwa macho. Siku yenyewe nitakuwa nimefumba, sasa itanisaidia nini?"

Alikuwa dereva wa lori katika kikosi hichohicho. Kaka ndiye aliyemleta nyumbani kwetu mara ya kwanza, wakiwa likizo. Waliingia mlangoni wote wawili na sare zimepigwa pasi mpaka zinakata, mimi nimeshika ndoo ya maji ya kudekia. Nilimpenda palepale, sifichi. Ndoo niliiangusha na maji yakaingia viatuni mwake, naye akasema hata lori lake halijawahi kuoshwa vizuri hivyo.

Kifua ndicho kilichomtoa jeshini, miezi minne kabla hajatimiza miaka ya kuruhusiwa kubaki na sare ya sherehe. Kwa hiyo alirudisha kila kitu. Na aliyekaa kwenye dirisha la stoo siku hiyo ni nani? Kaka yangu. Alihesabu shati, suruali, bereti, buti, hadi mkanda. Mume wangu akamwomba amwachie mkanda peke yake, wa ukumbusho. Kaka akasema, "Utaratibu, shemeji," akamsogezea daftari atie sahihi.

Miaka ishirini na miwili wamecheza drafti Jumapili hadi Jumapili, na mume wangu akishinda anasema, "Weka kete, halafu weka na mkanda wangu." Wanacheka. Lakini mimi nilikuwa naishi naye. Gwaride likioneshwa kwenye televisheni alinyamaza, na mkono wake ulikuwa unapita kiunoni, unapapasa, haukuti kitu. Nilikuwa najitia sioni.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni. "Shemeji, omba kingine. Hapa si gwarideni, na barua hatuna."

"Basi nife haraka upate sababu."

Hapo hakuna aliyecheka. Nilimtazama kaka nikitaka kumpa za uso, nikaona kidevu kinamtetemeka. Huyu mtu alikuwa anaitamani sare ile kuliko hata mgonjwa. Kila mwezi huitoa kabatini, huipiga pasi, huirudisha. Ila akivunja utaratibu leo kwa ajili ya shemeji yake, basi ule mkanda alimnyima kwa nini? Hilo ndilo lililomkaba.

Nikavuta pumzi. Nikauchukua mfuko mikononi mwake, nikaitandaza sare juu ya meza, nikaanza kufumua mishono ya ubavuni.

"Kaka," nikamwambia, "mteja anapopimwa, nguo bado ni ya fundi. Ina pini, ina chaki, pindo liko wazi. Huwezi kusema umevaa. Unapimwa."

Alifikiri muda mrefu, nyusi zimegongana. Nilimjua, alikuwa anasoma waraka wake wa jeshi kuhusu sare kichwani, kifungu kwa kifungu.

"Kuhusu kupimwa," akasema mwishowe, "waraka hausemi kitu."

"Haya, vua shati."

Nilimpimia kulekule chumbani, miguuni pa kitanda. Nikabana ubavu kwa pini, nikapiga bandi, ule mshono wa muda, kwenye mikono kwa uzi mweupe, nikachora chaki mgongoni. Mume wangu aliomba nimwinue akae. Akamkagua kama ofisa.

"Bereti iko juu."

Kaka akaishusha.

"Kola."

Kaka akanyoosha kola. Kisha macho ya mume wangu yakasimama kwenye mkanda. Kaka akaona. Akaufungua taratibu, akainama juu ya kitanda, akaupitisha kiunoni mwa shemeji yake juu ya shuka na kuufunga. Alilazimika kwenda hadi tundu la mwisho, maana hapakuwa na mtu tena pale ndani.

"Na huu tuupime," akasema.

Mume wangu akaishika ile bizimu ya shaba ya mkanda kwa mikono miwili na kulia bila kujificha. Nami nikalia. Kaka alisimama wima anatazama ukuta. Alipoondoka jioni ile hakuudai.

Ijumaa iliyofuata nikamwita tena, nikasema bega la kushoto limekaa vibaya. Ijumaa nyingine ilikuwa kwapa. Nyingine, urefu wa suruali. Nilichoshona Jumanne nilikifumua Alhamisi. Mimi, ninayemaliza suti kwa siku mbili na wateja wanapanga foleni.

"Fundi gani wewe," mume wangu alinitania, "nguo moja wiki saba."

"Kaka yako wa drafti ana mwili mgumu," nikamjibu.

Alijua. Wote watatu tulijua. Sare ile ikikamilika, ilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, na mimi sikutaka iende.

Alifariki Jumatano asubuhi, chai yake iko nusu kikombe. Kesho yake nilikaa kwenye cherehani, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kukaa. Nilishona ubavu, nikashona bega, nikashona pindo la suruali. Nilipofika mkono wa kulia, wenye uzi mweupe wa bandi, mguu ukagoma kukanyaga. Nikaukemea, ukagoma.

Kaka alikuja kuivaa siku ya mazishi. Mtu huyu enzi zake alirudisha askari kambini kwa kifungo kimoja kilicholegea. Akapitisha kidole kwenye ule uzi.

"Unaonekana," nikamwambia. "Lete nimalizie, ni dakika tano."

"Uache," akasema.

Makaburini alipiga saluti mbele ya watu wote, sare ya kijani iliyokoza, uzi mweupe unaning'inia mkononi, kiunoni hana mkanda. Mkanda ulikuwa chini, kwa mwenyewe. Najua kuna walionong'ona kwamba fundi wake ni mzembe. Wanong'one.

Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi, saa kumi kamili, mlango ukagongwa. Kaka, na mfuko wa nailoni. Sikumuuliza kitu. Aliivaa, akaenda kusimama palepale pa siku zote, akielekea kitanda kisicho na shuka. Nikachukua pini zangu na chaki.

"Inua mkono," nikamwambia.

Akainua. Nikautazama ule uzi mweupe, nikauacha ulivyo.

"Bado kidogo," nikasema. "Njoo Ijumaa ijayo."