Leso Katikati ya Bata

Esnah Nyaberi hakuwa mtu wa kubembeleza mifugo. Alimwita ng'ombe wake "wewe", na paka hakumwita kabisa. Lakini bata wake dume alikuwa na jina, Meneja, na kila asubuhi alimfuata Esnah katikati ya mistari ya majani chai akifokea wapita njia wa kwenda Roret. Tangu Makori, mumewe Esnah, azikwe, bata huyo ndiye aliyekuwa akimsikiliza akilalamika juu ya mvua.

Jumapili moja Meneja hakumfuata hata mpaka mlangoni. Alikuwa amejikunyata nyuma ya jiko, na chini ya mkia wake palining'inia kitu chekundu kilichojaa vumbi. Esnah aliogopa vibaya sana. Akampigia simu Chepyegon, daktari wa mifugo, aliyekuwa Bomet, mkono mmoja ndani ya ng'ombe wa watu.

"Hiyo si matumbo, mama," Chepyegon akasema. "Ni ile yake ya kiume. Imetoka ikakataa kurudi. Osha na maji ya vuguvugu, chumvi kidogo. Weka sukari ipunguze kufura, halafu mafuta safi, urudishe ndani polepole na kidole. Mtenge na bibi zake. Na usikawie, ikikauka itaoza, na bata utampoteza. Lakini tafuta mtu wa kumshika."

Majirani walikuwa kanisani. Mtu pekee bomani alikuwa Kiplimo, mume wa bintiye Moureen, aliyekuja kumjulia hali na sasa alikuwa sebuleni akingoja chai. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kwa Wagusii, watu wa Esnah, mama mkwe na mkwe wake hawashikani hata mkono, na Wakipsigis, watu wa Kiplimo, nao hawako mbali. Miaka mitatu Esnah na Kiplimo walikuwa wameongea juu ya hali ya hewa na ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe ni upande wa mbele tu.

Esnah alizunguka jiko mara kadhaa akimwomba Mungu alete mtu mwingine. Mungu hakuleta. Basi akatundika leso kwenye waya wa nguo, akaweka kigoda chini yake, bata juu ya kigoda. Akamwita Kiplimo aje upande wa pili amshike; kichwa kikabaki kwa mkwe, mkia kwake.

Akaosha. Lakini vidole vya kuchuma chai vina nyufa zinazokwaruza. Meneja akapiga kelele. Esnah akarudisha mkono, machozi yakimlengalenga.

Kiplimo akakohoa nyuma ya leso. Kumwambia mama mkwe neno juu ya jambo hilo hakuweza, lakini bata si mkwe wa mtu.

"Meneja," akasema, "ambia mama kwetu Kipkelion nimewahi kurudisha ya ng'ombe. Hii ni ndogo."

Esnah akafikiri. "Meneja, mwambie ajaribu."

Wakageuza kigoda, wao wenyewe hawakugeuka.

"Meneja, omba mama sukari."

"Mwambie ni hii iliyobaki ya chai yake. Hakuna ingine."

"Mwambie ni sawa."

Wakangoja uvimbe upungue, Esnah amekumbatia kichwa cha bata akimnong'oneza habari za mvua. Kisha mafuta, kisha kidole, polepole. Meneja akashtuka, akatulia.

"Meneja, ambia mama imeingia."

Esnah akaketi chini pale pale kwenye majani. Akampapasa bata kichwani. Mkwe naye hakuondoka.

"Meneja," akasema tena, polepole. "Ambia mama Moureen hawezi kukuja kuchuma saa hii. Harufu ya chai inamtapisha kila asubuhi."

Esnah aliacha kumpapasa bata. Habari kama hiyo ilipaswa kupitia kwa mashangazi, nayo ingechukua mwezi kufika.

"Meneja," akasema, "mwambie, kama ni kijana, jina la Makori bado liko."

"Mwambie tulishaongea na Moureen. Ni hilo."

Esnah akafuta macho kwa pembe ya leso. Alipoishusha, mkwe wake alikuwa anatazama mawingu.

"Ni kama itanyesha," akasema Kiplimo.

"Itanyesha," akasema Esnah, akaenda kumwekea chai isiyo na sukari, naye akainywa yote.