Maji Yaliyokataa Kuchemka

Kwa miaka ishirini na miwili alipika kwenye jiko la shule, kwa masufuria ya kuingia mtu mzima, hadi wanafunzi wakampachika jina la Mama Sufuria. Moto wa kuni hakuuogopa hata chembe. Aliogopa maikrowevu, ambayo mkwewe alimletea alipostaafu.

"Moto gani huu usioonekana?" alimuuliza binti yake.

"Mama, bonyeza hapa tu. Itakupunguzia kazi."

Wiki nzima aliizunguka kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Asubuhi moja alitia maji ya chai kwenye kikombe cha kioo, akaweka dakika tatu. Alipochungulia, maji yalikuwa yametulia tuli, hayana hata povu. Akadhani hayajapata moto, akaongeza dakika mbili. Bado kimya. Akakitoa kikombe, akakiweka mezani. Mjukuu wake wa miaka sita, aliyekuja likizo, alisimama kando, kidevu usawa wa meza.

"Bibi, nikutilie majani?"

"Sogea huko. Nitatia mwenyewe."

Akatumbukiza kijiko. Maji yote yakaruka kwa mpigo, yakamuunguza mkono hadi kiwiko, mengine yakamwagika pale pale mtoto alipokuwa amesimama. Mtoto alikuwa ameshasogea. Bibi alimwita, akamkagua uso, shingo, vidole. Alipoona ni mzima, ndipo akauweka mkono chini ya bomba, akakaa hapo muda mrefu.

Nesi wa zahanati alimweleza taratibu. "Humo maji yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, hasa kikombe kikiwa laini. Ukiyagusa, yanalipuka. Usiyapashe mara mbili. Weka kijiti cha mti ndani kabla ya kuwasha, na ikizima, subiri kidogo ndipo utoe."

"Na ingekuwa mtoto?"

Nesi aliendelea kufunga bandeji.

Malengelenge yalikauka baada ya wiki tatu. Likizo ikaisha, mtoto akarudi kwao, na kwao pia ipo maikrowevu. Binti, mama yake, anajua habari za kijiti. Ameapa kwamba anakitumia. Hata hivyo, kila asubuhi kabla ya chai Mama Sufuria humpigia binti simu, humuuliza mtoto amekaa wapi, na hakati mpaka aisikie sauti ya mjukuu.